Mashine Ilisema Lita Mbili

Kiwanda cha saruji kilimwita Fundi kwa kazi ndogo tu. Alikuwa mwanamke mwenye mkono mwepesi na ulimi mkali zaidi. Kompyuta ya zahanati ya kiwanda ilikuwa inakata roho, na ndiyo iliyounganishwa na mashine ya kupima pumzi, ile ambayo kila mfanyakazi huipuliza mara moja kwa mwaka ijulikane kama mapafu yake bado yanafaa kazi. Waliotengeneza programu yake walishafunga ofisi zamani. Meneja akataka programu mpya kwa kompyuta mpya.

"Sijui hiyo mashine na kompyuta zinaongeaje," Fundi alimwambia.

"Ndiyo maana tumekuita," meneja alijibu, akaondoka.

Basi Fundi akatega sikio. Aliichuna kebo iliyokuwa kati ya mashine na kompyuta, akaunganisha humo nyaya zake mbili, ya kwenda na ya kurudi, akazivuta hadi kwenye laptopu yake. Mwanzoni zilikuja takataka tupu. Alibadilisha kasi ya kusoma mara nne, ndipo herufi zikanyooka. Kompyuta ilituma P, mashine ikajibu kwa mstari mmoja wenye idadi ya lita.

Ili apate cha kupima, nesi wa zahanati alimpa bomba kubwa linalosukuma hewa lita tatu kamili. Fundi akalichomeka kwenye mashine, akalisukuma. Kwenye waya ikapita 3.00. Kwenye skrini ya zahanati ikatokea 4.20.

Alirudia mara sita. Vilevile.

"Nesi, hii skrini inaongeza."

"Mimi naandika ninachokiona," nesi alisema, akajifanya kupanga faili.

Fundi alifungua mipangilio ya programu ya zamani, na humo akakuta mstari unaozidisha kila jibu kwa 1.4. Kaka yake alikuwa mpakiaji hapohapo kiwandani kwa miaka kumi na tisa. Wenzake walimwita Tingatinga, kwa kuwa alibeba mifuko miwili kwa mpigo. Siku hizi akifunga viatu anahema. Kila mwaka alirudi nyumbani na karatasi ya "Anafaa", na Fundi mwenyewe, mbele ya mama yao, alishawahi kumwambia anadeka.

Alimfuata meneja ofisini bila kubisha hodi.

"Hayo ni marekebisho ya kitaalamu," meneja alisema.

"Mtaalamu gani? Bomba ni lita tatu. Mnawapa watu hewa wasiyokuwa nayo."

"Dada, umeletwa kuandika programu. Iandike ifanye kama ya zamani."

Fundi alitoka, akamwita kaka yake zahanati, akamwambia apulize. Skrini ikasema 2.94. Waya ukasema 2.10. Alimwonyesha zote mbili.

Tingatinga alizitazama. "Sasa umefurahi?" aliuliza.

"Kaka, wamekudanganya."

"Unadhani sijui kifua changu? Hiyo namba yako ikitoka, kesho navuliwa ovaroli. Watoto nitawaambia nini?"

"Kwa hiyo ulijua, ukaniacha niseme unadeka?"

"Ningesema nini, na wewe hunyamazi?"

Waligombana mpaka nesi akafunga mlango. Tingatinga akarudi kazini bila kuaga.

Fundi aliimaliza programu siku ya tatu. Aliiandika ionyeshe kile mashine inachosema, bila nyongeza, akaifunga kwenye kompyuta mpya, akachapa maandishi yote aliyoyanasa kwenye waya na kuyapeleka mwenyewe kwa mkaguzi wa kazi wa serikali. Mkaguzi alikuja na mashine yake, akawapima wapakiaji arobaini na wawili. Thelathini na mmoja mapafu yao hayakufaa kuwa kwenye vumbi lile hata siku moja zaidi.

Idara ya upakiaji ikasimamishwa ili iwekewe mitambo ya kuvuta vumbi. Tingatinga alihamishiwa getini, kuandika magari. Meneja alihamishiwa tawi jingine, na cheo chake kilekile. Habari hiyo ilimfanya Fundi atupe kikombe ukutani.

Kaka yake hakusema naye kwa miezi mitano. Kisha akaja nyumbani Jumapili moja, akakaa, akaomba maji.

"Nimekuja kumsalimia mama," alisema. "Wewe, bado nina hasira na wewe."

"Hata mimi," Fundi alimjibu, akamletea maji.