Matoka ya Kiwanjani

Tairi ya lori hukatwa kwa maji, si kwa nguvu. Theuri alimwambia hivyo kila mtu aliyesimama kumtazama akichonga akala, viatu vya tairi, lakini asubuhi hiyo ya Ijumaa hapakuwa na wa kuambiwa. Alitumbukiza kisu kwenye mkebe wa maji, akakivuta ndani ya mpira, akakitumbukiza tena. Ukungu ulikuwa bado umelalia nyasi. Upande wake wa kulia, Dawud, fundi wa sufuria, alikuwa akigonga kitako cha birika lililotoboka. Mbele yao Gathoni alikuwa ametandika gunia lake na kupanga nduma, kubwa juu na ndogo chini, ili mnunuzi adanganyike vizuri.

Walikuwa wakianza siku hivyo kwa miaka kumi na mmoja, chini ya miti mitatu ya mikima, kwenye kiwanja pekee cha nyasi kilichobaki katikati ya mji. Watoto wa shule walichezea hapo mpira wa matambara. Watu waliotoka hospitalini walikaa hapo kungoja basi la Wamagana, wakila nduma ya Gathoni. Kati ya Theuri na Gathoni kulikuwa na nafasi ya gunia moja ambayo hakuna aliyekaa. Ilikuwa ya Kabura, mke wa Theuri, aliyeuza viazi vitamu vya kuchemsha mpaka alipokufa, miaka mitatu iliyopita.

Kitu kipya kilikuwa kimoja tu. Kuzunguka kiwanja chote, kila baada ya hatua kadhaa, palikuwa na itoka.

Aliyezaliwa upande huu wa mlima hahitaji kuelezwa. Itoka lina majani marefu na kitunguu kikubwa kilichozama ardhini, na wazee walilipanda mpakani ili watu wasigombane. Likishapandwa haling'olewi. Anayeling'oa hajipatii balaa peke yake, anawapelekea pia watoto wake, na watoto wa watoto wake. Hata wale wanaoenda kanisani mara mbili kwa Jumapili hulipita kwa mbali.

Theuri ndiye aliyeyapanda. Aliishia darasa la pili, lakini hakuhitaji darasa la tatu kuelewa maana ya vile vigingi vya chuma vilivyopigwa kiwanjani mwezi wa tano. Walikwenda ofisini kuuliza, yeye na Dawud na Gathoni. Karani akawaonyesha karatasi ya samawati ukutani, akazungusha kidole, akasema plani imepita. Imepita wapi? Imepita. Mwaka huo kahawa ilikuwa imepanda bei kupita kiasi, na kila mwenye tumbo mjini alitaka ghorofa, ingawa watu walikuwa wakipanga foleni kutafuta kilo moja ya sukari. Kiwanja kilikuwa kimepewa kampuni ya Diwani Moffat Gatimu na marafiki zake, wajenge hoteli na kituo cha petroli. Miaka kumi na minne tangu bendera ipandishwe, na walioshangilia bendera hiyo ndio walioambiwa wahame.

Basi Jumapili moja, wakubwa wote wakiwa kanisani wakiomba mvua na magari, Theuri alitoka kwake Giakanja na matoka thelathini na moja ndani ya gunia. Aliyapanda moja moja mchana kweupe. Jumanne wachimbaji sita walikuja na majembe kuanza msingi. Waliyaona, wakakaa chini. Jumatano wakakaa tena. Msimamizi akawatukana mpaka sauti ikamkauka, akaenda zake. Theuri alicheka siku hiyo kuliko alivyocheka tangu amzike mkewe.

Saa mbili na nusu gari, Pijo nyeupe, lilisimama kando ya barabara. Diwani Moffat alitoka polepole, kwanza mguu, kisha tumbo, kisha kofia. Nyuma yake alifuata Wamae, askari wa kanjo, baraza la mji, na rungu lake. Diwani alitembea mpaka ukingoni mwa kiwanja, akainua kiatu, akaona majani chini yake, akakirudisha kiatu mahali pake. Alifanya kama mtu aliyekumbuka jambo. Lakini Theuri alikuwa amemwona.

"Nani alipanda hii takataka?"

"Takataka haipandwi, Bwana Diwani," Theuri alisema bila kuinua kisu. "Hutupwa."

Gathoni akacheka ndani ya shuka lake.

"Mzee Theuri, hii ni towni. Itoka ni ya huko risavu, vijijini. Mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kuzuiwa na mambo ya kishenzi."

"Basi ng'oa. Hiyo iko karibu na kiatu yako."

Diwani aliliangalia lile itoka kama mtu anavyomwangalia mbwa wa jirani. "Mimi sikuchaguliwa kung'oa maua. Niko na watu wa kazi." Aliwageukia wachimbaji, waliokuwa wamekaa kando ya barabara kama juzi. "Nyinyi! Ngatia! Mnalipwa kukalia majembe?"

Ngatia, mkubwa wao, mtu wa Wamagana mwenye mvi kidevuni, alisimama kwa heshima. "Bwana Diwani, mimi niko na watoto saba."

"Nani ameuliza watoto wako?"

"Hakuna. Lakini hiyo itawauliza."

 Macho ya Diwani yalizunguka kiwanja, yakapita kwa Gathoni, yakapita kwa Theuri, yakatua juu ya kofia nyeupe ya Dawud.

"Dawud. Nyinyi watu wa Majengo hamna itoka, ama?"

"Hatuna, Mheshimiwa."

"Haiwahusu."

"Haituhusu."

"Vizuri. Na Majengo pia iko na plani inakuja. Kuna nyumba zitabaki, na kuna zingine zitaenda. Yako iko na karatasi gani?"

Jibu Diwani alilijua. Nyumba zote za mtaa ule zilikaa kwa kibali cha mwaka mmoja mmoja, tangu enzi ya babu yake Dawud, aliyefika huku amebeba mzigo wa Mzungu kichwani na kuachwa hapa mzigo ulipotuliwa. Babu alizikwa hapa, baba alizikwa hapa, na Dawud bado alikuwa mgeni wa mwaka mmoja.

"Ng'oa hii maua," Diwani alisema kwa upole sana, "halafu mambo ya nyumba tutaongea vizuri." Akarudi garini, akakaa na mlango wazi, akaanza kuchokonoa meno.

Dawud aliweka nyundo chini. Alikuja akachuchumaa mbele ya Theuri, magoti yakilia.

"Baba Murugi," alisema. Murugi alikuwa binti wa Theuri, aliyeolewa Kiganjo. "Nina Mishi na watoto sita ndani ya nyumba ile. Wewe ukifukuzwa hapa una Giakanja. Mimi nikifukuzwa Majengo sina hata pa kuweka sufuria. Lakini kiwanja hiki ni chetu sote. Neno lako moja tu. Ukisema nisiguse, sigusi. Nitamwambia abomoe."

Theuri alimchukia kwa kuuliza. Angeng'oa tu kimya kimya, Theuri angepata mtu wa kumtukana mpaka kaburini. Sasa alikuwa amewekewa mapajani nyumba ya mwenzake, na kiwanja, na nafasi ya gunia moja ambayo kesho ingechimbwa shimo la petroli.

Aliangalia Pijo. Hivi ndivyo walivyokuwa siku zote, watu hawa. Mikono yao haishiki kitu. Walipomkamata Kabura kwa kuuza viazi bila leseni, mwezi wa saba, wakati wa baridi kali, wakamlaza selo kwenye simiti na nguo iliyolowa, Theuri alikwenda kuuliza nani amefanya hivyo. Askari akasema ni amri. Karani akasema yeye huandika tu. Diwani, huyu huyu, akasema hakuwa na habari, na akatoa pole kwa mkono laini kama mkate. Kabura alikohoa wiki mbili, akafa, na mpaka leo hakuna aliyemuua. Leo tena walikuwa wametafuta mkono wa mtu mwingine. Kesho ungesikia kiwanja kiliharibiwa na Mwislamu wa Majengo.

"Kaa chini," alimwambia Dawud. "Hiyo mgongo yako haiwezi jembe."

Alisimama, akaenda mpaka kwa Ngatia, akachukua jembe mkononi mwake. Kisha akasema kwa sauti ambayo ilifika garini:

"Aliyepanda ndiye hung'oa. Na anayechukua ardhi hupokea itoka kwa mikono yake mwenyewe, moja moja, mbele ya watu. Si ndivyo, Ngatia?"

Mila kama hiyo haikuwapo. Theuri alikuwa ameitunga kati ya kiti chake na pale aliposimama. Ngatia alimtazama kwa muda mrefu. Baba yake alikuwa mzee wa mipaka, na kama kuna mtu aliyejua kinachofanywa na kisichofanywa, ni yeye.

"Ndivyo," Ngatia alisema taratibu. "Bila hiyo mimi siwezi kuchimba."

"Hata mimi," alisema wa pili.

"Na kofia hutolewa," aliongeza wa tatu, uso mkavu kabisa.

Diwani alitoka garini. Alikuwa amesomea shule ya bweni ya wamisheni tangu utotoni, na mambo ya nyumbani alikuwa ameyasikia kwa mbali tu, kama mtu anayesikia redio ya jirani. Hakuweza kusema ni uongo, kwa kuwa hakujua. Hakuweza kuuliza, kwa kuwa angekiri hajui. Wapita njia walikuwa wameanza kusimama. Diwani alitoa kofia akampa Wamae.

Theuri alizamisha jembe, akainua itoka la kwanza na udongo wake wote, mweusi na umelowa, akaliweka kwenye mikono ya Diwani.

"Hii ni ya Gathoni wa nduma."

La pili. "Hii ni ya Dawud, fundi. Shika vizuri, Bwana Diwani, iko na mizizi."

Alitaja mwenye ndizi, na mama wa sukumawiki, na yule kipofu wa kuuza kamba. Alitaja wachezaji wa mpira wa matambara, lao moja. Matope yalishuka kwenye mikono ya koti la suti, yakaingia kwenye saa ya mkononi. Kila baada ya matoka machache Diwani alitaka kuyaweka chini, na kila mara Ngatia alikohoa na kusema hayawekwi chini, si hapa. Akayakumbatia, akayapeleka garini kila mikono ilipojaa. Alianza kufanana na mtu anayesafirisha shamba.

Wachuuzi waliisha, matoka yakabaki. Theuri alitaja waliohama zamani, waliofukuzwa sokoni, wagonjwa wa kungoja basi. Lilipobaki la mwisho alikaa nalo mkononi. Hakuwa amepanga kusema.

"Hii ni ya Kabura."

Diwani aliinua macho. Alipokuwa karani mdogo, mwenye suruali moja ya kazi na ya kanisa, alikuwa akila viazi vya Kabura kila mchana pale pale.

"Mama Murugi ni marehemu," alisema chini chini. "Hana kibanda hapa."

"Iko na mahali. Shika."

Akashika.

Yote yakaishia kwenye kiti cha nyuma cha Pijo, majani yakitokeza dirishani. Diwani alifuta mikono kwa leso mpaka leso ikawa nyeusi, akachukua kofia yake, na kofia ilipokaa kichwani sauti yake ikarudi. Alikanyaga nyasi kwa viatu vyote viwili. "Kazi ianze," alisema. "Na hawa watu wawe wametoka kabla ya saa sita. Wamae, umesikia?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Ngatia na wenzake walichimba. Hawakumwangalia Theuri, naye hakuwalaumu, kwa kuwa walikuwa wamefanya walichoweza. Shoka lilianza kwenye mkima wa kwanza. Theuri alifunga tairi zake kwa kamba, Gathoni akarudisha nduma ndani ya gunia. Dawud alikuwa amekusanya sufuria za watu, amesimama nazo.

"Baba Murugi," alisema, "Mungu akulipe."

"Wacha hiyo. Enda uone nyumba yako."

"Kesho tutakaa wapi?" Gathoni aliuliza.

"Mbele ya duka ya Diwani," Theuri alisema. "Pale kwa ngazi."

Gathoni alifikiri, akatingisha kichwa kukubali. Dawud alishika njia ya Majengo, sufuria zikigongana.

Wamae alikuwa amesikia. Alisogea, rungu kwapani, akasema polepole kama anayemwonya mjomba wake, "Mzee, hapo nitakushika. Usinilazimishe."

"Najua," Theuri alisema. Alijitwika tairi begani. "Lakini kuja mapema. Mimi hufika saa kumi na mbili."