Kikao Kiko Ghorofani

...na kumi na tisa, ngazi kumi na tisa, nimezihesabu mara ya tatu kana kwamba nikihesabu sana zitapungua, na huko juu kikao kimeanza bila sisi, nasikia viti vikiburutwa, nasikia Bwana Rutashobya akikohoa, yeye afisa utamaduni aliyetuandikia barua mwenyewe, kikundi chenu cha maigizo kifike Bukoba saa nne kamili, kamati ya fedha za sanaa itawasikiliza, haya tumefika, tumetoka Muleba alfajiri juu ya lori la ndizi, mimi na baiskeli yangu ya magurudumu matatu, na Muhidini asiyeona na ngoma yake, wenzetu sita hawakupata nafasi, na hakuna mahali barua iliposema ni ghorofani... "Ma Maulida, subiri kidogo, nitatafuta makuli wawili sokoni wakubebe," ndivyo Bwana Rutashobya alivyosema aliposhuka mara ya kwanza, akatazama pale kanga yangu inapolala bapa kitini, nami nikasema asante, mawe, mama yangu! asante ya nini, lakini ndivyo nilivyozoea tangu Kyaka, vita vya mpakani vimekwisha, redio inasema wananchi rudini makwenu, nami nikarudi na mzigo wangu wa kanga za kuuza, nikapisha lori la jeshi, hatua moja tu nje ya barabara, na bomu lililozikwa lilikuwa linanisubiri majanini, likanikata miguu yote, tangu hapo ni asante kwa aliyenisukuma, asante kwa aliyenisogeza kando bila kuniuliza, asante kwa makuli walionibeba jukwaani siku moja ya sherehe kama gunia la kahawa, kanga ikapanda, watu wakacheka kabla sijasema neno... kisiwani Goziba haikuwa hivyo, kule hakuna gati, mtumbwi ukifika kila mtu anabebwa mgongoni, hata bwana afya na viatu vyake, mwaka jana tuliigiza pale mbele ya wavuvi, mmoja akalia wazi akasema huyo mnayemwigiza ni mimi, na hatukuwa na hata senti ya serikali... sasa wanacheka huko juu, kikundi cha kwanza kinaonyesha kazi yake, mbao za sakafu zinagonga, kishindo kimoja kizito, kisha kitu kinakokotwa, kishindo, kukokotwa, "Ta Muhidini, wanaigiza nini?" namuuliza, maana masikio yake yanaona kuliko macho yangu, anainamisha kichwa, "Ukimwi," anasema, "Ukimwi umeingia kijijini, wameufanya mtu anayeburuta mguu," na juu wanaangua kicheko, kamati nzima, kishindo, kukokotwa... ndivyo alivyotembea mwenzetu Kokushubila, hasa hivyo, polio ilimkausha mguu mmoja akiwa mtoto, yeye ndiye aliyetunga igizo letu, mimi nilishika kalamu tu, alitunga mwaka ule ambao watu bado walikuwa wanauita ugonjwa huu Juliana, kama kile kitambaa cha dukani, na kila mtu akimwambia wewe huna la kuogopa, nani atamtaka kilema, na kumbe kwa sababu hiyohiyo walikuja, wanaume waliotafuta mwanamke salama, walipita mgombani wasionekane, mmoja aliegesha pikipiki ya serikali kanisani kama mtu aliyekwenda kusali, na hakuna muuguzi aliyemweleza kitu, hakuna mkutano aliofikishwa, alipokufa mwezi wa saba nilimwosha mwenyewe, alikuwa mwepesi kama ganda la mgomba, siku moja kabla alisema Maulida, igizo lisife... lazima nizungumze vizuri leo, nimejifunza maneno njia nzima, waheshimiwa, tunaomba kwa unyenyekevu, sisi wanyonge wenu... huyo anashuka tena, Rutashobya, anasimama katikati ya ngazi, tai shingoni, "Makuli wanakuja, Ma, lakini hata usijisumbue, wajumbe wameshaelewana, ombi lenu tumelihamisha," kulihamisha wapi? namuuliza, "Kwenye faili la wasiojiweza, mtapata mablanketi, fedha za sanaa ni za wasanii," anainama kidogo, anashusha sauti kama anayenipa zawadi, "na kusema kweli, mambo ya Ukimwi nyinyi yanawahusu nini? Mungu amewaepusha, nani angewafuata?"... nani angewafuata, anatabasamu, hana hata ubaya usoni, hilo ndilo linalonichoma, angekuwa na ubaya ningemchukia nikapumzika, na yale maneno ya njia nzima yamekwenda, sisi wanyonge wenu, yamekwenda kabisa, nayatafuta siyaoni, na makuli hao wanavuka barabara, wawili, wanapangusa mikono kwenye kaptura zao, mmoja anainama ashike kwapani mwangu, "Niache, baba," namwambia, naye anarudi nyuma, "Bwana Rutashobya, sipandi, waite wajumbe washuke hapa barazani," anacheka kidogo, "Kamati nzima, Ma?" kamati nzima, nasema, na viti vyao wakipenda, na yule mwigizaji anayeburuta mguu ulio mzima aje pia, nani angewafuata umeniuliza, nitawaonyesha waliomfuata Kokushubila, mmoja mmoja, tangu hodi zao, na wa pikipiki simruki... tabasamu limemtoka, anatazama juu, ananitazama mimi, huko juu kicheko kimekatika, wamesikia, nami niko palepale chini ya ngazi, sijui kama watashuka, wasiposhuka barabara imejaa watu, sokoni wamejaa watu, "Ta Muhidini," nasema, "piga."