Jina la Kugombezwa

Hénock, mlinzi wa usiku aliyepanga chumba cha juu, alishuka ngazi na bukta, macho mekundu, karatasi mkononi.

"Nani ananitumia mkono wa mtu? Nimelala zangu, printa inaamka yenyewe!"

Brigitte akaidaka ile karatasi. Ulikuwa mkono wa gauni la harusi. Tangu asubuhi alikuwa anatuma ramani za kukatia gauni kutoka laptop yake kwenda printa ya sebuleni, iliyochomekwa kwenye kompyuta ya mezani, na printa kimya, kama mgeni asiyejua Kiswahili. Bibi harusi yuko njiani kutoka mtaa wa Hillbrow, na alishasema: asipoona vipande vyote leo, anabeba kitambaa chake anapeleka kwa fundi mwingine.

"Eish, Dismas," mumewe Gaston, kaka yangu, akaniambia, "si ulisomea haya ya kompyuta?"

Nilisomea, na diploma ipo. Nikauliza: kompyuta hii ya mezani na ya Hénock, zenye printa, mlinunua wapi? Duka moja, mitumba ya ofisi iliyofungwa. Nikacheka. Zote mbili bado zilikuwa zinaitwa OFISI. Nyumba moja, wifi moja, majina pacha: Brigitte akiita, anaitika yeyote.

"Basi tumalizie kwa Hénock," Gaston akasema.

"Wino wangu umeishia kwenye kiwiko," Hénock akajibu, akarudi kulala.

"Sharp, sawa. Hii kompyuta ya hapa tunaibadilisha jina," nikasema. "Neno moja, bila nafasi katikati. Iitweje?"

"Zabibu," Gaston akasema. "Jina la mama. Heshima."

Brigitte akatoa mikono kwenye kibodi kama imeshika moto. "Mama mkwe? Nimwambie 'zimika', 'amka', 'mbona leo uko mzito'?" Akamgeukia mumewe. "Papa Glody, unataka nirudishwe Lubumbashi?"

"Ana haki," nikasema. "Kompyuta inagombezwa kutwa. Ipeni jina la mtu mnayeruhusiwa kumgombeza."

Wakanitazama wote wawili.

"Shemeji," Brigitte akasema, na kicheko kimeshamtoka.

Nikaandika mwenyewe: DISMAS. Tukaizima, tukaiwasha. Kwenye laptop ya Brigitte nikaitoa ile OFISI, nikaweka jina jipya. Bibi harusi akaingia, hata salamu hajamaliza, mkono tayari uko kwenye kitambaa.

Printa ikakohoa. Ikatoa kifua. Bibi harusi akakiangalia, akavuta kiti, akakaa.

"Dismas, leta mgongo!" Brigitte akaita.

Nikainuka.

"Kaa, shemeji. Namwita yule anayefanya kazi."