Aproni ya Mama Mizani

Bucha ile ilikuwa na sheria moja tu ambayo hata tajiri mwenye bucha hakuivunja: anayeingia chumba cha baridi huacha aproni yake msumarini, nje ya mlango. Aproni ikining'inia, mtu yumo. Msumari mtupu, funga uende zako.

Siku hiyo Mama Mizani, mpimaji wa nyama, aliamka na mafua. Akaona aproni nayo ni nguo, akaingia nayo. Yuko nyuma ya mbavu za ng'ombe anatafuta maini, akasikia komeo, taa ikazimika. Kipara, mwenye ufunguo, alikuwa anafunga chumba mapema, kabla ya kusafisha bucha nzima. Bucha isingefunguliwa mpaka Jumatatu.

Mama Mizani alipiga mlango, lakini mlango mnene kama godoro ukazimeza ngumi zake. Kitasa cha ndani kilikufa zamani. Tajiri aliambiwa mpaka wasemaji wakachoka.

Akaanza kutetemeka, meno yakagombana. Vidole vikafa ganzi. Bibi yake, mkunga, alimfundisha kwamba mwili ukizidiwa na baridi hujitwangia joto wenyewe, na damu huacha vidole ikakimbilia moyoni kumlinda mwenye nyumba. "Kutetemeka usikuogope, mjukuu wangu," alisema. "Kukikoma nawe bado umo kwenye baridi, hapo ndipo uogope."

Kukakoma.

Usingizi mtamu ukamjia, akatamani kuketi. Akiinama, akaona uzi wa mwanga: pembeni chini, mpira wa mlango ulikuwa umechanika. Aproni ingepenya. Lakini mikono iliikumbatia, ikakataa kuiachia kama mtoto na titi. Akafungua kamba ya kifuani kwa meno, aproni ikadondoka, akaisukuma kwa ncha ya kiatu, kidogo kidogo, mpaka nusu ikatoka.

Nje, Kipara alikuwa anamalizia kupiga deki. Akaona aproni sakafuni, akanung'unika kuhusu watu wasio na usafi, akainama aiokote aitundike. Akavuta. Haikuja.

Hapo sheria ikamwingia kichwani. Ndoo ilianguka, ufunguo ukalia.

Mama Mizani alimwangukia kifuani, amepoa na kukakamaa kama ubao. Kipara akamfunika koti lake, akamketisha juani kwenye kizingiti. Kisha mabega yakaanza, magoti, meno. Kipara akaogopa, akamkamata mikono amtulize.

"Niache, mwanangu," alisema. "Acha nitetemeke."