Kilo Moja, Siku Moja

Mizani ya Mbarushimana ilikuwa ya kupimia mahindi, lakini kila Ijumaa ilimpima pia Épitace. Ilining'inia kwenye miti mitatu sokoni Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Épitace aliketi kwenye kamba iliyofungwa kwenye ndoano, akainua miguu, na Mbarushimana, ambaye hajawahi kuupitisha mzaha bila kuuokota, akamwambia kwamba bei ya mahindi ikipanda tena atamchanganya na nafaka ampeleke Lilongwe. Watu wakacheka, na Épitace naye akacheka. Gloriose, mkewe, hakuwa na muda wa kucheka. Macho yake yalikuwa kwenye mshale, na mshale ulisimama kwenye sitini na mbili.

Figo za Épitace zilikuwa zimekufa zote mbili. Jumatano na Jumamosi alikwenda hospitali huko Lilongwe, akafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Kati ya siku hizo, maji yaliyokosa pa kutokea yalibaki mwilini. Tangu mwanzo nesi alimweleza Gloriose kwa Kichewa cha polepole: uzito wa mzee bila maji ya ziada ni kilo sitini, siku moja bila mashine inamwongezea kama kilo moja, akifika sitini na tano, pumzi itamshinda. Akamwonya pia asikose siku yake hata moja.

Gloriose ameuza maharage miaka mingi, na habari za kilo hazimpigi chenga. Aliyashika yote isipokuwa lile onyo la mwisho, kwa sababu halikuwa na hesabu ndani yake. Tangu hapo nyumba yao haikuhitaji saa ya ukutani. Kikombe cha chai kilikuwa robo kilo, na robo kilo ilikuwa masaa sita. Épitace akiomba maji, mkewe alimuuliza kama yuko tayari kuyanywa masaa yake yote ya mchana, na mzee, aliyekuwa mpole hata kabla ya kuugua, alirudisha kikombe.

Wiki hiyo Jumamosi iligongana na jambo kubwa. Binti yao Akeza alikuwa aposwe siku hiyo. Ukoo wa kijana, Cishahayo wa mtaa wa Nsungwi, ulikuwa umeahirishiwa mara mbili kwa ajili ya ugonjwa wa mzee, na mara ya pili walijibu kwa adabu iliyopoa. Gloriose aliomba hospitali wabadilishiwe siku. Akaambiwa mashine ni chache, kila moja ina mtu wake. Labda Jumatatu, kama mtu hatatokea.

Akeza alisema sherehe isogezwe tena, na wakikasirika, wakasirike. Baba yake akakataa. Alitaka amtoe binti yake kwa mdomo wake mwenyewe, si kwa mdomo wa baba mdogo wa kuazima. Wote wawili wakamtazama Gloriose, na Gloriose akahesabu. Leo Ijumaa, sitini na mbili. Kesho sitini na tatu, Jumapili sitini na nne, Jumatatu sitini na tano, na Jumatatu asubuhi na mapema watakuwa mlangoni mwa hospitali.

"Iko na kilo tatu," alisema kwa Kiswahili chao cha kambini. "Kilo tatu njo siku tatu. Atakaa na bageni bake."

Hesabu hiyo haikuwa na kosa. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo Gloriose hakuwa amelisema popote. Kwa miezi miwili Épitace alikuwa anaonja tu chakula. Nsima, ugali wa huko, aliigusa kwa vidole viwili, akairudisha. Samaki aliwapa watoto wa jirani. Kila walipokwenda hospitali nesi aliuliza kama mzee anakula, na kila mara Gloriose alijibu anakula vizuri. Kwao Burundi, mke hatangazi kwamba mumewe anasukuma sahani. Watu watauliza anampikia nini. Aliona haya, basi, na haya ile aliibeba Jumatano na Jumamosi, kwenda na kurudi.

Jumamosi ilikuwa nzuri kweli, na tusimnyime hilo. Épitace alivaa koti lililokuwa limemkaa vizuri zamani. Miguu yake haikuingia viatuni, akavaa ndala, na Gloriose akazifunika kwa kitenge magotini. Mzungumzaji wa akina Cishahayo alizunguka maneno hadi watu wakachoka kwa raha. Kisha Épitace akasema, akipumzika baada ya kila maneno machache, kwamba mtoto ni wao. Desturi ikamtaka anywe kinywaji alicholetewa na wakwe. Alimtazama mkewe kwanza. Gloriose akapima Fanta ile kwa macho, akaona ni masaa saba, akatikisa kichwa kukubali. Mzee akanywa yote, taratibu, mpaka chini.

Jumapili asubuhi hakuweza kulala chali. Aliketi kitandani ameshika ukingo kwa mikono miwili, kifua kikikoroma. Gloriose alimwambia bado kuna siku moja nzima. Alimwambia hivyo mara nyingi, kana kwamba mapafu yangemsikia. Akeza alitoka mbio hadi kwa Mbarushimana, na mfanyabiashara yule, safari hii bila mzaha, akashusha magunia kwenye gari lake, akawapeleka Lilongwe.

Hospitalini walimpima kabla ya yote. Sitini na nne.

Gloriose karibu afurahi. Akamweleza nesi hesabu yake yote, tangu Jumatano, siku kwa siku, akamwonyesha kwamba hajavuka mpaka. Nesi hakumgombeza. Alibonyeza kidole gumba kwenye muundi wa Épitace, akakiondoa, na shimo likabaki pale pale. Akauliza tena swali lake la siku zote: mzee alikuwa anakula?

"Hapana," Gloriose alisema. "Miezi mibili, anaonja tu."

Nesi akafumba macho kidogo. Kisha akamweleza kwamba, kama ni hivyo, sitini haikuwa tena uzito wa mumewe. Nyama ilikuwa imeondoka, labda kilo nne, labda zaidi, na maji yamekaa mahali pake, kwa hiyo mizani haikuona tofauti. Siku zile tatu hazikuwepo. Hata Ijumaa pale sokoni mzee alikuwa ameshapita mpaka wake.

Wakapata mashine, wakamfunga. Épitace alikata roho kabla damu yake haijazunguka vya kutosha, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya Akeza. Gloriose alikuwa amesimama miguuni, akishika ule muundi.

Msibani Dzaleka watu walijaa hadi njiani. Akina Cishahayo walirudi wote kutoka Nsungwi, na yule mzungumzaji wao akaja kuchuchumaa mbele ya mjane. Kwa sauti ya kusikika na wote alisema tumshukuru Mungu, kwa sababu angeweza kumchukua mzee mapema, lakini alimwongezea siku moja amtoe binti yake.

Gloriose akainua uso.

"Si Mungu," alisema. "Ile siku nilimupa mi."

Wanawake waliokuwa karibu wakaanza kulia upya. Ndiyo, wakasema, kweli kabisa, mke aliyemuuguza mumewe vile ndiye aliyemwongezea siku. Mmoja akamkumbatia. Akeza peke yake alikuwa ameyasikia maneno ya nesi. Alimtazama mama yake, kisha akaenda kuwapokea wageni waliokuwa wanafika.