Amri ya Marahaba

Mjukuu wangu Shamila alipopangiwa mafunzo ya ualimu kwa vitendo kule Goweko, aliniachia jogoo mwenye kikohozi na mnyama anayeitwa Radi. Jogoo nilikuwa namfahamu. Radi anakaa ndani ya simu.

"Bibi, usimwone kama picha tu," aliniambia, begi liko mgongoni na bodaboda inamsubiri nje. "Asipolishwa siku mbili anarudi porini, na mimi simpati tena. Goweko simu ya kuongea inapatikana, ila mtandao wa kuchezea hakuna. Nimtegemee nani kama si wewe?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimelisha watu wengi.

Mchezo wenyewe wameutengeneza vijana wa hapahapa nchini, ndiyo maana wanyama wake wanasikia Kiswahili. Unafuga, unafundisha, kisha unaingia na wenzako kwenye njia ya msafara, kutoka ziwani mpaka baharini, mnyama amebeba mizigo na wanyang'anyi wanawangoja porini. Wanyang'anyi nao ni watu, kila mmoja yuko kwao na simu yake. Babu wa marehemu mume wangu aliipita njia hiyo kwa miguu, na pembe ya ndovu begani. Hakuwa na mnyama wa miguu sita.

Maana Radi ana miguu sita. Kiwiliwili ni cha fahali, manyoya ya shingoni kama simba, mkia kama kenge. Ukimzoea ni mzuri. Shamila alimtoa kwenye yai mwaka ule aliofiwa na mama yake, akawa anakaa naye chumbani saa nyingi. Mimi nilikuwa nikipita mlangoni namsikia akizungumza, nikawa nashukuru kwamba yuko wa kumsikiliza.

Amri zake aliniandikia kwenye ubavu wa boksi la majani ya chai: Njoo. Linda. Piga. Inuka. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa: ASILALE CHINI MBELE YA ADUI. Akilala, adui anaweza kumfunga kamba, na akishafungwa ni wa aliyemfunga, hakuna kurudishiwa.

"Na amri ni neno moja, bibi. Usiseme 'Piga, baba, tafadhali.'"

"Atanionaje?"

"Bibi."

"Haya."

Asubuhi ya kwanza nilifungua simu, Radi akaja mbio kutoka msituni, akasimama mbele yangu, akainamisha kichwa. Nimelea watoto sita na wajukuu kumi na mmoja. Mtoto akija mbele yangu asubuhi akainamisha kichwa, najua anataka kusema nini.

"Marahaba, baba," nikamwambia. "Umeamkaje?" Nikagusa kikapu, nyama ikamwangukia miguuni.

Tukaenda hivyo kila siku. Siku ya tatu nikimwambia marahaba anapiga magoti. Siku ya tano akawa analala kabisa, kidevu ardhini na macho ameyafumba kwa raha. Maandishi yakatokea juu yake: HONGERA! RADI AMEJIFUNZA AMRI MPYA. Nikaona wenye mchezo ni watu wema, wanapongeza hata mambo madogo.

Kabla hajapangiwa Goweko, Shamila alikuwa ameahidi kwamba Radi atabeba chumvi kwenye msafara wa Jumamosi. Mnyama aliyeahidiwa asipofika anaachiwa porini. Kwa hiyo Jumamosi alasiri Majidi alikuja nyumbani. Huyu ni fundi simu wa hapa Mtendeni, ndiye kiongozi wa kikosi cha akina Shamila. Alikuja na simu yake, chaja ya akiba, na mto wa kuweka mgongoni mwangu ambao sikumwomba. Tukakaa barazani, akaniwekea spika.

Mara sauti ikatoka: "Shikamoo bibi! Mimi Kornel, niko Urambo. Tutakuwa pamoja leo."

"Marahaba mwanangu."

Radi, na magunia mawili ya chumvi mgongoni, akalala chini puu.

"Bibi, umebonyeza wapi?" Majidi akauliza.

"Sijabonyeza kitu. Inuka!" Akainuka.

"Atakuwa ameteleza," akasema Kornel. "Bibi, mama yangu naye huyu hapa, ametoka shambani, anataka akusalimie."

Sauti ya mama ikaja, yenye haya kidogo: "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, poleni na kazi."

Puu.

Majidi alimtazama Radi, akanitazama mimi, akamtazama Radi tena. "Bibi. Huwa unamwambia nini asubuhi ukimpa nyama?"

Nikamwambia.

"Lo! Bibi, umemfundisha kulala kwa marahaba!"

"Sikujua."

"Sasa sikiliza. Mtu akikuamkia, usiitikie. Dakika kumi tu."

"Majidi, mtu aniamkie mimi ninyamaze? Aende zake akidhani nina kinyongo naye?"

"Kornel!" Majidi akapaza sauti. "Asimwamkie bibi mtu yeyote huko!"

"Hata kumuaga?"

"Hata kumuaga!"

Tukaanza safari. Msitu umechorwa vizuri, miombo kabisa, mpaka mizinga ya nyuki juu ya miti. Nilikuwa naitazama ile mizinga wakati wanyang'anyi wanne walipotokea. Kiongozi wao alikuwa juu ya fisi mkubwa kama lori.

"Piga!" nikasema, na Radi akapiga. Nilijisikia vibaya kwa wale waliopigwa, lakini nilisema neno moja moja kama nilivyoandikiwa. Wawili wakarudi nyuma. Chumvi ikawa bado iko salama.

"Bibi, kulia kwako!" Majidi akanipigia kelele.

Katika mchezo huu, adui akiwa karibu anasikia mnachosema. Yule wa fisi akasimama. "Bibi? Kuna bibi hapo?"

"Nipo," nikasema.

"Bibi wa kweli au jina la kuchezea?"

"Wa kweli. Nina miaka sabini na miwili."

Sauti ikarudi, imeshuka, ya kijana aliyefunzwa kwao. "Ah. Samahani. Shikamoo bibi."

Majidi alinyanyua mikono yote miwili kama anayesimamisha basi. Nikabana midomo. Nikahesabu moja, mbili, tatu.

"Shikamoo bibi," kijana akarudia polepole. "Au hunisikii?"

Hapo nilishindwa. "Marahaba, mwanangu. Nakusikia."

Puu. Majidi akajifunika uso.

"Limbu, kalala!" wenzake wakapiga kelele. "Mfunge! Mfunge kamba!"

Nikasema Inuka, nikasema tena, lakini fisi alikuwa ameshaweka mguu juu ya shingo ya Radi. Kamba ikatokea mkononi mwa Limbu, yule wa fisi. Majidi akanishikia simu. Nilikuwa nafikiria nitamwambia nini Shamila.

"Mwanangu," nikasema, "umeshinda, siwezi kukataa. Ila ujue tu, si wangu. Ni wa mjukuu wangu, yuko Goweko anafundisha. Alimlea tangu yai, mwaka aliofiwa na mama yake. Ukiwa naye, zungumza naye, amezoea kuzungumziwa."

Kamba ikabaki mkononi.

"Limbu, unangoja nini? Wiki tatu tunamwinda mnyama huyu!"

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Nimeshamwamkia mtu, ameitikia. Halafu nimnyang'anye?"

"Ni mchezo!"

"Shikamoo yangu haikuwa ya mchezo," akasema Limbu. "Mfunge wewe, kama unaweza."

"Naweza. Mimi sijamwamkia."

"Basi umfunge mnyama wa bibi wa watu, tena hata salamu hujatoa. Na mama yako asikie."

Nikasikia mtu anakohoa. Kisha, kwa sauti ya chini sana: "Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba."

"Shikamoo," akasema wa tatu. Na wa nne naye, nyuma yao. Nikawaitikia wote, mmoja mmoja. Radi alikuwa amelala tayari, hakuwa na pa kulala zaidi.

"Chumvi tunachukua, bibi," Limbu akasema. "Kazi ni kazi."

"Chukueni, wanangu. Mzigo mzito, mgawane."

Fisi akaondoa mguu. Walipokuwa wanapakia nikamuuliza Limbu kwao ni wapi, akasema Nzega. Nikamtupia salamu ya kikwetu, "Mwadila," akaitikia kwa furaha, tukaendelea na habari za nyumbani mpaka chumvi ikaisha kupakiwa. Majidi hakunilaumu. Aliingia ndani, akaniletea maji ya mtungini, akarudi kukaa na simu yake. Msafara mzima alikuwa ameupoteza.

Jua linazama, Shamila akapiga.

"Bibi, wamemchukua?"

"Chumvi imekwenda. Radi yupo."

Nikasikia kiti kikiburutwa, amekaa. "Yupo? Mzima?"

"Mzima. Anakula."

Akapenga kamasi. "Majidi kaniandikia alilala chini, basi, hakuongeza neno. Nimeshamlia, bibi. Nani kamwokoa?"

"Kijana mmoja wa Nzega, anaitwa Limbu. Ana adabu sana. Mama yake anasumbuliwa na goti. Wiki ijayo anakuja mjini kutafuta dawa ya ng'ombe, nimemwambia apite hapa Mtendeni ale chakula."

"Bibi! Huyo si ndiye mnyang'anyi?"

"Ndiye. Nimemwambia aje na wenzake."