Chupa Kando ya Mtungi

Mwaka wa 1986 Ndinda wa Tawa alikuwa na digrii ya bayokemia na kazi ya kuosha chupa. Alitaka kuchunguza jeni za vimelea vya kala-azar, ugonjwa unaovimbisha wengu, ajue kwa nini wale wa kule Nuu walikuwa wakiishinda dawa. Dakta Nzomo, mkubwa wa maabara alimoosha chupa kule Nairobi, hakukataa. Alitaka tu aletewe vimelea walio hai.

Safari ya kwanza kutoka Nuu walifika wamekufa. Ndinda akalaumu jua la Nuu. Ya pili akabeba barafu maradufu. Wakafa tena, safari hii wakiwa baridi vizuri. Nzomo akamwambia pole pole kwamba wakifa mara ya tatu nafasi ya meza ya jeni atapewa mwingine, na sinki bado iko pale pale.

Safari ya tatu, nesi wa Nuu alimtoa mgonjwa mmoja, Mutiso, tone kutoka kwenye wengu uliovimba. Ndinda akaligawa katika chupa nne zenye chakula cha damu ya sungura, akakaa kwa Mutiso siku tatu akingoja lori. Kalunde, mkewe Mutiso, alimkuta akipanga barafu.

“Hao wadudu wa mzee wangu walitoka wapi?”

“Kwa usubi, Mwaitu,” Ndinda akajibu, akimwita mama kwa Kikamba.

“Na usubi anakaa wapi?”

“Ndani ya kichuguu.”

“Wewe umeona kichuguu chenye barafu?”

Ndinda aliweka chini kipande cha barafu. Kalunde alikuwa tayari amepiga magoti kando ya mtungi wa maji, anachimba mchanga mbichi ulioushikilia, pale alipozoea kuficha maziwa yasiharibike. Ndinda akafikiria sinki. Kisha akafukia chupa mbili mchangani na kuacha mbili kwenye barafu. Alirudi Nairobi amezipakata zile mbili za mchangani katika debe la mchanga uleule, za barafu zikiwa kando, akiunyunyizia maji njia nzima huku dereva akimuuliza kama amepanda sukumawiki.

Chini ya darubini, za barafu zilikuwa kimya. Za mchanga zilijaa vimelea wakiogelea kama waliochelewa soko.

Nzomo aliinua jicho kutoka kwenye darubini. “Nani alikufundisha hii?”

“Mke wa mgonjwa, Daktari.”

Jumatatu Ndinda alihamia meza ya jeni. Kitu cha kwanza alichokiweka pale kilikuwa mtungi wa maji juu ya mchanga wenye chupa zake, na wikendi alipoenda kwao Tawa, aliyebaki kulowesha mchanga alikuwa Dakta Nzomo.